Kuta za Mfuko wa Chakula na Utumbo

Mtu akila nyama, mfuko wa chakula huiyeyusha kwa maji makali. Mbona maji hayo hayauyeyushi mfuko wenyewe, nao ni nyama vile vile? Ukitazama kipande cha ukuta wake kwa hadubini, utaona vishimo vingi vidogo. Humo zimo chembe hai za namna mbalimbali: nyingine hutoa maji makali, nyingine hutoa ute mzito unaoufunika ukuta kama ngao.

Kutoka hapo chakula huingia katika utumbo mwembamba. Ukuta wake una mamilioni ya vidole vidogo, urefu wa kila kimoja kama milimeta 1 au chini yake. Ndani ya kila kidole mna mishipa myembamba ya damu, ipokeayo chakula kilichoyeyuka na kukipeleka mwilini. Chembe zifunikazo vidole hivyo hufa, na nyingine hushika mahali pake, kila baada ya siku chache.

Lakini mtoto akinywa maji machafu siku zote, vijidudu huweza kuviharibu vidole hivyo, vikawa vifupi na butu. Hapo hata akila akashiba, sehemu ya chakula hupita bure, naye hudhoofika. Basi, maji ya kunywa na yachemshwe, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kula.