Ungechora nini kwenye ngao yako?



Katika karne ya 12 wapiganaji wapanda farasi wa Ulaya walianza kuchora alama zao kwenye ngao. Ukiwa umevaa kofia ya chuma, hata ndugu yako angeweza kukupita vitani bila kukutambua.

Sheria kuu ya uchoraji huo ni rahisi. Dhahabu na fedha ni madini. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ni rangi. Madini hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Simba wa dhahabu juu ya nyekundu huonekana toka mbali. Juu ya fedha hupotea. (Watoto wa Kipaimara wajaribu kwa penseli za rangi, wataona.)

Lakini ngao ya Ufalme wa Yerusalemu, nchi ya Wanamsalaba, ilibeba misalaba ya dhahabu juu ya fedha! Ngao zilizovunja sheria makusudi Wafaransa waliziita ngao za kuulizwa: anayeziona aulize sababu.

Petro naye alitaka tuwe tayari kumjibu anayeuliza habari za tumaini letu (1 Pet 3:15). Juzi ofisini ulikataa bahasha, wenzako wakatazamana. Kesho mmoja atakuuliza. Utamjibu nini?