Kupunguza Uzito na Hatari ya Sukari Kushuka

Hapana shaka kwamba kupunguza uzito ni jambo lenye manufaa makubwa kwa mtu mnene aliye na maradhi ya kisukari. Lakini kila jambo jema lina njia yake, na aliyeliingia bila ya kuijua njia huenda akadhurika pale pale alipotafuta afya. Nia yetu leo ni kuzungumza juu ya hatari moja ambayo wengi majumbani hawaitambui, nayo ni kushuka kwa sukari ya damu kwa mtu apunguzaye chakula na huku dawa akizitumia kwa kiasi kile kile cha zamani.

Tumfikirie mama wa nyumba aliyeshauriwa apunguze unene. Kwa azma njema akaacha chapati za asubuhi, akapunguza wali wa mchana, na usiku akalala kwa kikombe cha chai isiyo sukari. Vidonge vyake vya glibenklamidi hakuviacha, kwani aliambiwa asiviache. Alfajiri wanawe waja kumwamsha kwa Sala, wamkuta ameloa jasho, anatetemeka, na maneno yake hayaeleweki. Mmoja asema ni uchovu. Mwingine asema ni shetani, na atoka mbio kumwita mtu wa kumsomea. Dua ni kheri, wala hatuikatazi. Lakini ubongo hauna akiba ya sukari ya kutosha, na kila dakika ipitayo ni hatari juu ya hatari. Basi sukari itangulie, na dua iandamane nayo.

Sababu ya msiba huu si ngumu kufahamika. Vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hakula. Na insulini ya sindano, ikisha kuingia mwilini, haingoji chakula. Dawa hizo zilipimwa kwa kadiri ya chakula na uzito wa mtu siku alipoandikiwa. Akipunguza chakula, kipimo kile kile huwa kimezidi. Na uzito ukipungua, mwili huitii insulini zaidi, hata kipimo kikazidi tena. Metformini si hivyo; ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi.

Matabibu wa Uingereza waliizingatia hesabu hii katika uchunguzi uitwao DiRECT, ambao matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 2017. Wagonjwa walipewa chakula cha kalori 825 mpaka 853 tu kwa siku, kwa miezi 3 hadi 5. Siku ile ile ya kuanza, vidonge vyao vya kisukari vilisimamishwa, na wenye kutumia insulini hawakuingizwa kabisa. Baada ya mwaka 1, watu 46 katika kila 100 walikuwa wametoka katika kiwango cha ugonjwa bila ya dawa. Funzo lake ni hili: chakula na dawa hupunguzwa pamoja, na mwenye kupunguza dawa ni daktari. Mgonjwa asithubutu kuacha insulini kwa shauri lake mwenyewe, kwani hilo nalo laweza kumwangamiza.

Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafula, hasira isiyo sababu na kuchanganyikiwa. Kipimo kikionyesha chini ya milimoli 4 kwa lita, yaani miligramu 70 hivi kwa desilita, mgonjwa na apewe mara moja vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko kikubwa 1 cha asali. Soda isiyo sukari haifai kitu. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa bado, arudiwe. Ikisha kupanda, ale mkate au ndizi. Kama hapana kipimo na dalili zipo, apewe sukari vivyo hivyo. Lakini aliyezimia asitiwe chochote kinywani, asije akapaliwa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Na aliyepatwa vikali kwa ajili ya glibenklamidi, hata akizinduka, apelekwe, kwa kuwa sukari yaweza kushuka tena baada ya saa nyingi.

Wako pia wapunguzao uzito kwa kufunga Jumatatu na Alhamisi. Funga ni ibada njema, lakini atumiaye dawa hizi amwone daktari kabla ya kunuia. Na sukari ikishuka mchana, afungue papo hapo, asingoje magharibi. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, wala kuikubali ruhusa si udhaifu wa imani.

Basi kabla ya kuondoa sahani mezani, mtu na aende kwa tabibu wake pamoja na dawa zake zote, amwambie, “Nataka kupunguza chakula, je, dawa hizi zipunguzwe kiasi gani?” Na watu wa nyumbani wazijue dalili, na sukari iwekwe mahali ambapo hata mtoto mdogo ataiona. Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na atupe busara ya kuilinda. Amin.