Kipimo cha Haraka na Kipimo cha Kuotesha

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja karibu na Mpanda, mwanachuo aliandika ubaoni kwamba kipimo cha haraka ndicho bora. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mchimbaji wa dhahabu, akauliza: "Baba amemaliza dawa za kifua kikuu. Mashine ikionyesha kuwa bakteria bado wamo, je, hajapona?" Mwanachuo akajibu, "Hajapona." Jibu hilo lilitusumbua, maana lingefika nyumbani jioni ile ile.

Yafaa mwalimu aanze na mwendo wa kuzaliana. Bakteria wa kifua kikuu, aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882, hugawanyika mara moja kwa muda wa saa 20 hivi. Ndiyo sababu kuotesha makohozi huchukua majuma kadhaa. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutafuta chembe za urithi za bakteria huyo, ikatoa jibu kwa saa 2 hivi, pamoja na habari za usugu wake kwa dawa ya rifampisini. Kwa kugundua ugonjwa mpya, hadubini haifui dafu mbele yake. Lakini mashine hutambua hata chembe za bakteria aliyekwisha kufa, na mfu haoti. Hivyo maendeleo ya mgonjwa anayetibiwa hufuatwa kwa hadubini au kwa kuotesha.

Kesho yake mwanachuo alileta maharage makavu na mengine yaliyochemshwa, akayahesabisha yote, kisha yakapandwa katika makopo mawili. Yalipochipua ya kopo moja tu, mtoto yule ndiye aliyewaeleza wenzake.