Magofu ya Kilwa: Kwa Nini Safari Yake Huhitaji Kibali, Mwongozaji na Siku Nne

Na Mwandishi Wetu, Kilwa Masoko

Wageni wengi wanaofika Kilwa Masoko kwa mara ya kwanza huja na hesabu moja: kuvuka bahari asubuhi, kupiga picha mbele ya Msikiti Mkuu, kisha kurejea bara kabla ya chakula cha mchana. Hesabu hiyo hukwama mara mbili. Hukwama kwanza ofisini, pale wanapoelezwa kwamba hakuna anayeingia katika eneo la magofu bila kibali na mwongoza watalii. Hukwama tena pwani, maji yanapokuwa yamekupwa na nahodha akawataka wasubiri. Baadhi huona huo ni usumbufu. Makala haya yanaeleza kwa nini utaratibu huo umewekwa, na kwa nini anayetaka kuiona Kilwa kwa haki yake anapaswa kutenga siku nne.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na yale ya Songo Mnara yaliandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zikibomoka na bahari ilikuwa ikila ukingo wa kisiwa. Kazi za kuyanusuru zilifanyika, na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo. Ifahamike kuwa kuondolewa huko si cheti cha kudumu: eneo lililotoka linaweza kurudishwa.

Magofu haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kwa sasa yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Wananchi huuliza, na si swali baya, imekuwaje misikiti ya kale ikabidhiwe kwa taasisi ya wanyamapori. Jibu ni kwamba Serikali iligawa baadhi ya vituo vya malikale kwa taasisi za uhifadhi ili vilindwe, viendelezwe na kutangazwa kiutalii. Kwa Kilwa kuna sababu nyingine ambayo haitajwi mara nyingi, nayo ni kwamba hapa magofu na maumbile havitenganishiki. Anayefuata njia ya siku nne huliona hilo kwa macho yake.

Siku ya kwanza ni ya barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takribani kilomita 300, kwa kupitia Kibiti, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, Somanga na Nangurukuru. Katika msimu wa masika msafiri aulizie hali ya barabara kabla ya kuondoka. Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii kuu ndani ya Wilaya ya Kilwa na kuwakwamisha abiria wengi. Akifika mapema, jioni hiyo hiyo ashughulikie kibali. Viingilio hutofautiana kati ya raia wa Tanzania, raia wa Afrika Mashariki na wageni wa mataifa mengine, hivyo aje na kitambulisho. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali na stakabadhi hutolewa. Fedha isiyo na stakabadhi si kiingilio, hata kama aliyeipokea amevaa kofia yenye nembo.

Siku ya pili ni ya Kilwa Kisiwani. Kutoka gati ya Masoko kisiwa kinaonekana vizuri, kwani mlango wa bahari una upana wa kilomita 2 hivi. Jengo la kwanza linalompokea mgeni ni Gereza, ngome iliyo ukingoni mwa maji. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512. Kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni za Waomani wa karne ya 19, juu ya mabaki ya Kireno. Hapo ndipo umuhimu wa mwongozaji unapoanza, kwa sababu macho peke yake hayawezi kutenganisha tabaka hizo mbili.

Kutoka Gereza hadi Msikiti Mkuu ni mwendo mfupi kwa miguu. Sehemu ya kaskazini ya msikiti huo ndiyo kongwe, na asili yake ni karne ya 11. Upanuzi wake wa kusini, ulio mkubwa zaidi, ulifanywa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Baadaye ulianguka kwa sehemu na ukajengwa upya katika karne ya 15, ukiwa na nguzo, matao na kuba. Sultani huyo ndiye aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Utajiri wa mji ulitokana na dhahabu iliyochimbwa katika nyanda za Zimbabwe na kupitia bandari ya Sofala, ambayo Kilwa iliidhibiti, na pia pembe za ndovu. Kwa upande wa pili ziliingia kauri za China, vyombo vya Uajemi na shanga za India. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje huko.

Hapa msomaji azingatie jambo moja la ujenzi, maana ndilo linalofungua safari nzima. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Matumbawe ya nchi kavu, magumu na yenye mashimo, yalitumika kwenye kuta. Yale yaliyokatwa baharini yakiwa bado laini yalichongwa mihrabu, vizingiti na zidaka, kisha yakakauka na kuwa magumu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito ikiwa ndefu mno, vyumba vingi havikuzidi upana wa mita 3 hivi. Urefu wa mti wa porini ndio uliopanga upana wa chumba cha mfalme. Ndiyo maana pia mafundi wa ukarabati hurudi kwenye chokaa na kuikwepa saruji: saruji ni ngumu kuliko jiwe inalolishika, hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta, na mwisho wake ni jiwe la kale kumomonyoka huku saruji ikibaki imesimama.

Baada ya msikiti, wengi hutaka kurudi. Wasirudi kabla ya kufika Husuni Kubwa, kasri lililo kwenye mwamba upande wa mashariki wa mji wa kale. Lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman kati ya takribani mwaka 1310 na 1333. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua, ngazi ya kushuka baharini na birika la kuogea lenye pande nane, na inaonekana halikupata kukamilishwa. Ndilo jengo lililo hatarini kuliko yote. Maji ya mvua yanauosha udongo wa ukingo wa mwamba, na upande wa mashariki wa kasri umekuwa ukitoweka kidogo kidogo. Mimea iliyoota ukingoni inaushika udongo usiporomoke, lakini mizizi ile ile hupenya katika kuta na kuzipasua. Kufyeka kila kitu ni kosa, na kuacha kila kitu nacho ni kosa. Mhifadhi hulazimika kuamua mti kwa mti. Mgeni anayepanda juu ya ukuta wa ukingoni ili apige picha nzuri zaidi anaongeza uzito mahali ambapo mwamba tayari umelegea. Katazo la mwongozaji mahali hapo ni la usalama wa mgeni na wa ukuta kwa pamoja.

Lipo pia suala la vigae. Mvua ikinyesha, vipande vya vyungu na kauri hujitokeza njiani, na mkono wa mgeni huvutwa kuokota kimoja cha ukumbusho. Kufukua au kuondoa mabaki ya kale bila leseni ni kosa kisheria. Sababu yake ni ya kitaalamu: kigae kilicho mahali pake huonyesha nani aliishi hapo, lini, na alifanya biashara na nani, lakini kikishatiwa mfukoni hubaki kipande cha chombo kilichovunjika. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick, aliyefukua Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipanga historia ya mji kwa kufuata tabaka za vitu vidogo vya aina hiyo pamoja na sarafu.

Kisiwa kina wakazi, na nyumba zao ziko katikati ya magofu. Mgeni avae mavazi ya heshima, asipige picha za watu bila ridhaa, na akumbuke kwamba makaburi anayopita yana wenyewe. Baadhi ya waongozaji na mabaharia ni watu wa hapa hapa. Ada halali anayolipa mgeni ndiyo humfanya mkazi aone ukuta uliosimama una faida kuliko mawe yaliyobomolewa kujengea jiko.

Siku ya tatu hupangwa na mwezi. Songo Mnara iko kusini mwa Kilwa Masoko, mwendo wa karibu kilomita 20 kwa bahari, na sehemu ya kushukia imezungukwa na mikoko. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3. Mashua iliyochelewa hukwama mbali, na abiria hutembea katika tope na maji ya magoti wakiwa wamebeba viatu mkononi. Siku za maji mafu mambo huwa mepesi kidogo. Kwa hiyo saa ya kuondoka huamuliwa na nahodha. Ikiwa amesema saa kumi na moja alfajiri, ni saa kumi na moja alfajiri. Wakati wa upepo mkali wa kusi huenda akasema safari haipo kabisa, na mgeni hana budi kukubali. Kabla ya kupanda, kila abiria avae jaketi okozi.

Anayefika hulipwa kwa taabu yake. Songo Mnara ulikuwa mji wa karne ya 14 na 15, na una mabaki ya misikiti mitano, kasri na nyumba za kuishi zipatazo thelathini na tatu, ndani ya ukuta wa mji. Kilwa Kisiwani inaonyesha ukubwa wa dola, ilhali hapa mtu anaona maisha ya nyumbani: ngazi ya kuingilia, ua, baraza, chumba cha ndani, zidaka ukutani. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, anayelazimika kuchagua siku moja tu kati ya hizi nne angefikiria kwa makini kabla ya kuiacha hii.

Njiani mikoko haiepukiki, na ndiyo ile ile iliyobeba dari za nyumba hizo. Leo ina kazi nyingine. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi na kukamata mchanga, hivyo ukanda wa mikoko uliosimama mbele ya magofu ni ukuta wa kwanza wa kuyakinga. Miongoni mwa kazi zilizofanywa kuzuia mmomonyoko ni kuweka kingo za mawe ufukweni na kupanda mikoko. Uvunaji wa mikoko nchini huhitaji kibali, na kwa Kilwa anayekata bila kibali anaufungulia njia ukuta wa karne ya 14.

Siku ya nne hutumika bara. Kilwa Kivinje, karibu na Nangurukuru, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya watumwa katika karne ya 19, na baadaye kituo cha utawala wa Wajerumani. Majengo yake mengi yamechakaa, na hapo hapo upo Mwembe Kinyonga, mahali pa kukumbuka waliotundikwa na wakoloni. Mwenye muda aendelee hadi Milima ya Matumbi kwa barabara ya Njia Nne hadi Kipatimu. Huko, Nandete, Julai 1905, wananchi waling'oa mipamba ya kulazimishwa, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Milima hiyo ni ya mawe ya chokaa, na maji yameyatoboa kuwa mapango makubwa, maarufu likiwa Nang'oma. Ndani ni giza na kuna popo wengi, na sakafu huteleza. Mgeni apite kwanza ofisi ya kijiji, apewe mwenyeji anayeyajua, na abebe tochi mbili.

Wanaopanga safari za vikundi, hasa shule na vyuo, wanashauriwa kuwasiliana na ofisi ya hifadhi Kilwa Masoko mapema, wakitaja idadi ya watu na tarehe mbili tofauti wanazoweza kusafiri. Tarehe ya pili ni kwa ajili ya bahari.