Bwegera: Mtoto anajua kinachokosekana shuleni, mzazi anajua mlango wa kubisha

Kwa karibu miaka 30, mtoto wa shule ya msingi Kivu Kusini alilijua neno moja kabla ya kusoma vizuri: kufukuzwa. Direkta aliingia darasani na orodha, akasoma majina ya wale ambao wazazi wao hawajalipa, nao wakakusanya madaftari na kurudi nyumbani.

Bwegera, kijiji cha uwanda wa Ruzizi kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Sange na Luvungi, kinaijua vizuri hadithi hiyo. Hapa pesa ya shule inatoka kwenye mpunga, muhogo na mahindi, na mavuno hayafuati kalenda ya masomo.

Utaratibu huo ulipangwa na wakubwa peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, walimu walipogoma kwa kukosa mishahara, wazazi na makanisa yanayosimamia shule nyingi walikubaliana kwamba wazazi wawalipe walimu kile kilichoitwa "prime". Lengo lilikuwa kuokoa masomo. Lakini dawa ya muda ilidumu hadi Septemba 2019, Serikali ilipoanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kinachosema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure.

Bure ilileta watoto wengi, na madarasa yakafurika. Migomo haikuisha. Oktoba 2021, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana hadi ndani ya jengo la Bunge wakidai walimu wao warudi kazini. Nchi nzima iliwasikia. Lakini mtoto hawezi kupanga bajeti wala kujadiliana na sendika. Aliyeandamana bila mkubwa nyuma yake hubaki akingoja wakubwa waamue.

Kati ya njia hizo mbili, wakubwa bila watoto na watoto bila wakubwa, ipo ya tatu, na tayari ina mahali pake shuleni. Kila shule inatakiwa kuwa na kamati ya wazazi, COPA, na baraza la usimamizi, COGES, ambamo direkta au prefe hukaa pamoja na wajumbe wa walimu, wazazi na wanafunzi. Wanafunzi nao huwa na "serikali" yao. Sheria ya Januari 10, 2009 ya kulinda mtoto inamtambulia haki ya kutoa maoni yake.

Tatizo ni desturi. Mbele ya wazee, mtoto aliyelelewa vizuri hasemi mpaka aulizwe. Akikaa kwenye kikao bila kuulizwa, kiti chake ni pambo tu.

Na anayo mengi ya kusema. Yeye ndiye anayejua ni wangapi wanakaa kwenye bango moja, ni siku gani mwalimu hakufika, choo kipi cha wasichana hakina mlango, na nani hajaonekana wiki nzima kwa kuwa anaamia ndege shambani. Mzazi, kwa upande wake, anaweza kupeleka hesabu hiyo kwa chifu, kwa mchungaji na kwa ofisi ya elimu. Kwa sekondari, ambako wazazi bado wanalipa, anaweza kudai karo iliyoandikwa na Gavana ibandikwe ukutani, ili kila mmoja alinganishe na anachotozwa.

Kwamba wakaaji wako tayari, ushahidi upo. Katika mradi wa Tuungane, ulioendeshwa na shirika la IRC kuanzia 2007 katika majimbo ya mashariki, Kivu Kusini ikiwemo, wanavijiji walichagua kamati zao na kuamua wenyewe fedha zifanye nini. Mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, walichagua shule.

Leo haja ni kubwa zaidi. Desemba 2025 vita vilipita Luvungi na Sange kabla ya kufika Uvira, na maelfu ya watu walikimbilia Burundi. Familia ikikimbia, kamati ya wazazi inatawanyika pamoja nayo. Kujenga upya kamati hizo hakungoji saruji wala mabati. Kunahitaji kikao chini ya mwembe, daftari moja, na mkubwa wa kumwambia mtoto: sema, tunakusikiliza.

Mtoto akishasema, kazi ya wazazi ndiyo inaanza: kuandika, kubisha mlango wa ofisi, na kurudi kumwambia walichojibiwa. Wasiporudi, kikao kijacho atanyamaza tena.