Taa Inayopepesa: Kusoma Onyo la Giaboksi ya Otomatiki katika Gari Kuukuu

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika gari, mawingu hayo ni taa ndogo za dashibodi, na miongoni mwazo, taa inayowatia wengi kiwewe ni ile ya giaboksi ya otomatiki. Kisa chenyewe si kigeni katika miji ya Kenya. Mwenye gari kuukuu anaondoka nyumbani asubuhi. Gari linakuwa zito kana kwamba limepakiwa mawe, na taa ya manjano yenye maandishi O/D OFF inaanza kuwaka na kuzimika bila kukoma. Kufikia jioni gari limo gereji na hukumu imekwisha kutolewa: giaboksi imekufa, itafutwe nyingine. Mwenye gari anashika njia hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ananunua giaboksi iliyotumika kutoka Japani kwa fedha alizoziweka kwa ajili ya karo ya mtoto, inafungwa, na baada ya siku mbili taa ile ile inarudi kupepesa. Waya uliokatika ulikuwa umebaki pale pale ulipokuwa.

Makala haya yanadhamiria kueleza kosa hilo linatokana na nini na linaweza kuepukwa vipi. Hoja kuu ni kwamba taa hiyo hutoa ushahidi kuhusu umeme pekee. Inapopepesa haisemi kuwa giaboksi imekufa, na inaponyamaza haisemi kuwa giaboksi ni nzima. Atakayeusikiliza ushahidi huo kwa mipaka yake atajua pa kuanzia uchunguzi. Atakayeupa maana isiyokuwamo atalipa gharama.

Magari yanayohusika

Mengi ya magari madogo yanayoonekana katika barabara za Kenya yalitumika kwanza nchini Japani. Kiwango cha KS 1515:2000 kinaweka mpaka wa miaka 8 kwa gari lililotumika linaloingizwa nchini, lakini hakuna mpaka kama huo kwa gari ambalo tayari limo nchini. Hivyo basi, magari yaliyoundwa katika miaka ya 1990 bado yanafanya kazi, na vitabu vyake vya maelezo, pale vinapopatikana, aghalabu vimeandikwa kwa Kijapani.

Mfano utakaotumiwa hapa ni ule wa magari ya Toyota ya miaka hiyo yenye giaboksi ya gia nne inayotawaliwa na kompyuta, kama vile giaboksi za A140E na A340E. Watengenezaji wengine wana taa zao na taratibu zao. Katika baadhi ya magari ya Nissan, mathalan, taa inayotoa onyo ni ile iliyoandikwa POWER, nayo hupepesa kwa muda wa sekunde 8 hivi baada ya ufunguo kugeuzwa. Misimbo hutofautiana, mantiki ya uchunguzi ni moja.

Jinsi giaboksi inavyofanya kazi

Giaboksi ya otomatiki ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa chuma na mafuta: pampu husukuma mafuta kwa kani, nayo mafuta hayo hubana sahani za klachi zinazoshika au kuachilia gia. Upande wa pili ni wa umeme: kompyuta hupokea habari za mwendo kutoka kwa sensa, kisha hupeleka umeme kwa vali za solenoidi, ambazo hufungua na kufunga njia za mafuta.

Gia nne hizo huchaguliwa kwa solenoidi mbili tu. Katika gia ya kwanza, solenoidi ya kwanza hupata umeme na ya pili haipati. Katika gia ya pili, zote mbili hupata. Katika gia ya tatu, ya kwanza hukatiwa na ya pili hubaki na umeme. Katika gia ya nne, ambayo ndiyo ovadraivu, zote mbili huwa hazina umeme. Solenoidi nyingine, ya tatu, hutumika kufunga torki konvata ili nguvu ya injini isipotee katika mafuta gari linapokwenda kwa mwendo wa barabara kuu.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni hili: umeme ukikatika kwa solenoidi zote mbili, gari lililotiwa D hubaki katika gia ya nne. Linaondoka likiwa katika gia ya nne, linapanda mlima likiwa katika gia ya nne. Bila shaka litakuwa zito. Dereva asiyejua siri hiyo atadhani kwamba klachi za giaboksi zimekwisha, ilhali chuma chote ni kizima na kinachokosekana ni umeme tu. Katika hali hiyo mkono wa gia ukivutwa hadi L, gia ya kwanza hupatikana; ukiwekwa 2, hupatikana gia ya tatu. Dereva anaweza kuondoka kwa L, akapeleka mkono 2, kisha D, akafika nyumbani polepole bila kuvutwa. Aidha, jaribio hilo lenyewe ni ushahidi: gari likipata nguvu katika L na kuwa zito katika D, ni busara kuuchunguza umeme kabla ya kufungua boliti yoyote.

Kutofautisha taa na taa

Kabla ya kuhangaika, taa yenyewe itambuliwe. O/D OFF inayowaka mfululizo bila kupepesa si onyo la hitilafu. Maana yake ni kwamba kitufe cha ovadraivu kilicho kwenye mkono wa gia kimebonyezwa na gia ya nne imezuiwa. Wapo madereva ambao hukibonyeza bila kujua, wakaendesha kwa miezi huku injini ikinguruma zaidi na kula petroli zaidi katika safari za mbali. Dawa yake ni kukibonyeza tena.

Taa ile ile inapowaka na kuzimika gari likiwa safarini, hapo kompyuta imeona hitilafu katika saketi za umeme za giaboksi na imeuhifadhi msimbo wake.

Taa ya tatu hupatikana katika baadhi ya magari makubwa ya Toyota, nayo huandikwa A/T OIL TEMP. Hiyo huonya kuwa mafuta ya giaboksi yamepata joto kupita kiasi, kama inavyoweza kutokea kwa gari lenye mzigo mzito linalopanda miinuko ya Bonde la Ufa. Hapo dereva ataegesha mahali salama, ataweka P, na ataiacha injini iendelee kuzunguka taratibu hadi taa izimike. Kuizima injini ni kosa, kwa kuwa pampu ikisimama mafuta hayazunguki tena kupoozwa.

Uchunguzi wa awali

Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote cha thamani. Gari liegeshwe mahali palipo tambarare likiwa limekwisha kupata joto, breki ya mkono ivutwe, na injini iachwe ikizunguka. Mkono wa gia upitishwe polepole kutoka P hadi L na kurudi P, kisha kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi kichomolewe, kifutwe, kirudishwe na kisomwe kwenye alama za mafuta ya moto. Mafuta mazuri huwa mekundu na safi. Yakiwa ya kahawia iliyokolea na yananuka kuungua, klachi zimeumia, na hilo ni jambo ambalo taa haingeweza kulisema. Yakiwa pungufu, yaongezwe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, na mvujo utafutwe.

Hatua ya pili ni betri. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6, injini ikizunguka, kipimo hupanda hadi baina ya volti 13.5 na 14.5. Kompyuta inayopata umeme hafifu inaweza kutoa malalamiko yasiyo na msingi. Vilevile, soketi zilizo juu ya giaboksi zikaguliwe iwapo zina kutu, matope au maji.

Kusoma misimbo

Mashine ndogo za uchunguzi zinazouzwa siku hizi, zikiwemo zile zinazowasiliana na simu ya mkononi, zilibuniwa kwa ajili ya mfumo wa OBD-II, ambao ulikuwa wa lazima nchini Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka wa 1996. Magari mengi yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani katika miaka hiyo hayakulazimika kuufuata. Fundi anaweza kuichomeka mashine, isipate jibu, akahitimisha kuwa kompyuta ya gari imeharibika. La hasha! Gari na mashine hazina lugha moja.

Katika Toyota za miaka ya 1990, dashibodi yenyewe ndiyo mashine. Chini ya boneti kuna kisanduku chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC, na majina ya matundu yake yamechapishwa ndani ya kifuniko hicho. Injini ikiwa imezimwa, tundu la TE1 liunganishwe na lile la E1 kwa kipande kifupi cha waya. Majina yasomwe kwa makini, maana tundu la +B lina umeme wa betri, na kuliunganisha na E1 ni kuunguza fyuzi. Baada ya hapo ufunguo ugeuzwe hadi ON bila kuwasha injini, na kitufe cha ovadraivu kiwe katika hali ya kawaida. Kikiachwa kimebonyezwa, taa itawaka mfululizo na misimbo haitasomeka.

Taa ikipepesa kwa mapigo sawa ya haraka, mara mbili kwa sekunde, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikiwa ipo, taa hutoa tarakimu mbili. Ikipepesa mara nne, ikatulia kwa sekunde moja na nusu, kisha ikapepesa mara mbili, huo ni msimbo wa 42. Kukiwa na misimbo kadhaa, ile midogo hutangulia. Yafaa yote iandikwe kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu kingine.

Maana za misimbo

Msimbo wa 42 huhusu sensa ya kwanza ya mwendo, ambayo hushirikiana na spidomita. Mshale wa spidomita ukiwa umelala ilhali gari linakwenda, uchunguzi uanzie hapo. Msimbo wa 61 huhusu sensa ya pili ya mwendo, iliyofungwa kwenye giaboksi yenyewe, mahali ambapo matope na mawe huufikia waya wake. Misimbo ya 62 na 63 huhusu solenoidi ya kwanza na ya pili, ilhali 64 huhusu solenoidi ya kufungia torki konvata.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Msimbo wa 62 hausemi kuwa solenoidi ya kwanza inunuliwe. Unasema kwamba saketi ya solenoidi hiyo imekatika au waya wake umegusana na mahali pasipofaa. Saketi ni safari nzima: kompyuta, waya, soketi na solenoidi. Kosa linaweza kuwa popote njiani.

Namna ya kulipata ni kupima ukinzani kwa mita ya umeme. Soketi iliyo kwenye giaboksi itenganishwe, na kipimo kichukuliwe baina ya ncha ya solenoidi hiyo na bodi ya gari. Solenoidi nzima ya giaboksi hizi ikiwa baridi huonyesha omu 11 hadi 15. Kipimo kikiwa nje ya hapo, solenoidi ndiyo mbovu, nayo hubadilishwa peke yake bila kununua giaboksi. Kipimo kikiwa sawa, soketi irudishwe na kipimo hicho hicho kirudiwe kwenye soketi ya kompyuta, ikiwa imechomolewa. Ikiwa huko mita haionyeshi kitu, waya ulio katikati umekatika. Kipande cha waya na lehemu vitamaliza kazi ambayo giaboksi mpya isingeimaliza.

Baada ya matengenezo, ufunguo uzimwe na fyuzi ya EFI ichomolewe kwa sekunde 10 au zaidi ili kumbukumbu ifutike. Gari liendeshwe, kisha misimbo isomwe tena. Ukarabati ambao haukuthibitishwa kwa njia hii ni matumaini tu.

Taa inaponyamaza

Kwa upande mwingine, misimbo ya 62, 63 na 64 haiwezi kufichua solenoidi iliyokwama kwa uchafu ilhali umeme wake unapita vizuri. Wala kompyuta za giaboksi hizi hazina macho ya kuona sahani za klachi zilizolika. Gari linaloteleza, injini ikipaa huku mwendo usiongezeke, au linalokawia kushika linapotiwa D, lina ugonjwa wa chuma na mafuta hata kama dashibodi imetulia tuli. Hapo ushahidi utafutwe katika rangi na harufu ya mafuta, na katika upimaji wa kani ya mafuta gerejini.

Hitimisho

Imebainika kuwa taa ya giaboksi ni shahidi mkweli mwenye ujuzi wa jambo moja. Mafuta yakaguliwe, betri ipimwe, misimbo isomwe, saketi ifuatwe hatua kwa hatua, kisha ndipo uamuzi wa kununua ufikiwe. Mwenye gari naye anayo haki ya kumwuliza fundi maswali mawili kabla ya kutoa fedha zake: msimbo ni upi, na kipimo kimeonyesha nini? Fundi aliyepima atajibu kwa tarakimu. Asiye na jibu bado hajafika mwisho wa uchunguzi, na wakati wa kwenda Barabara ya Kirinyaga haujawadia.