MWALIMU MKUU NA MFUKO WA SKULI: MFANO WA BONDE LA KILOMBERO

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanafahamu kuwa elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, na kwamba nyaraka za elimu za Tanzania Bara haziwafungi walimu wa Unguja na Pemba. Hata hivyo, namna Mwalimu Mkuu anavyoamua matumizi ya fedha chache pale ambapo mzazi hatozwi ada ni suala la pande zote mbili. Visiwani, elimu bila ya malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba, 1964. Bara, ada ya skuli za msingi iliondolewa mwaka 2001 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima hadi Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016. Mfano unaoelezwa hapa ni wa Ifakara na Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro.

Kwa utaratibu ulioanza mwaka huo wa 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh 4,000 hubakishwa kwa ajili ya vitabu na Sh 6,000 hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya skuli. Hii ni sawa na Sh 500 kwa mtoto mmoja kwa mwezi. Skuli ya wanafunzi 600 hupata Sh 300,000 kwa mwezi. Skuli ya wanafunzi 120 hupata Sh 60,000. Kutokana na fedha hizo hununuliwa chaki na karatasi za mitihani, hurekebishwa madawati na hulipwa nauli ya kufuata shughuli za ofisi. Posho ya madaraka ya Mwalimu Mkuu, ambayo ni Sh 200,000 kwa mwezi, ni fungu jengine na haitegemei idadi ya wanafunzi; kwa hiyo katika skuli ndogo posho hiyo huizidi ruzuku ya skuli nzima zaidi ya mara tatu. Ieleweke pia kuwa kiwango cha Sh 10,000 kilitokana na MMEM, wakati kiasi hicho kilipokuwa takriban dola 10 za Marekani. Kiliporudiwa mwaka 2016 hakikufikia dola 5.

Mashaka ya kwanza ya Mwalimu Mkuu ni hesabu ya wanafunzi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na makadirio yake huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Mwaka wa masomo huanza Januari. Darasa la Kwanza linaloingia Januari hukadiriwa basi kabla watoto hawajaandikishwa, na wakija wengi kuliko makisio, kama ilivyotokea nchini kote mwaka 2016, skuli hulazimika kuwahudumia kwa fungu lililopangiwa idadi ndogo.

Kilombero kuna jambo zaidi, nalo ni mpunga. Mashamba mengi yamo katika tambarare ya mto, mbali na vijiji, na msimu wa mvua familia huhamia huko kwa wiki nyingi, zikaishi katika vibanda vya shamba ili kupalilia na kuwinga ndege. Watoto hufuatana na wazazi wao. Katika daftari la skuli mtoto yupo na ruzuku yake imeingia. Darasani kiti ki kitupu. Mwalimu Mkuu hana budi kuamua ama atumie sehemu ya fedha kuwafuatilia watoto hao, ama azielekeze kwa waliopo. Miongozo inayogawa ruzuku kwa asilimia, fungu moja la ukarabati, jengine la mitihani, jengine la utawala, haina fungu la kufuatilia watoto mashambani.

Chakula cha mchana kingesaidia kuwabakiza, lakini chakula ni jukumu la mzazi. Baada ya mavuno gunia la mpunga si zito kwa kaya nyingi za bondeni. Kabla ya mavuno ghala ni tupu. Aidha, Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima maskulini na kuwaonya walimu wasishike fedha za wazazi. Tokea hapo Mwalimu Mkuu anayekubali debe la mpunga la hiari hujiuliza kwanza kama mzazi asiyetoa ataona mwanawe amebaguliwa. Hofu hiyo ina msingi, maana kabla ya mwaka 2016 watoto walirejeshwa nyumbani kwa sababu ya michango.

Ujenzi nao umemwongezea kazi. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 Bara, kila moja kwa Sh milioni 20, bei moja kwa kila mahali. Ifakara saruji hufika kwa barabara, na tangu mwaka 2018 Daraja la Magufuli limeondoa tabu ya kivuko cha Mto Kilombero. Masagati na Uchindile, katika Halmashauri ya Mlimba, safari ni ndefu zaidi na barabara za udongo huharibika wakati wa masika. Mkuu wa Skuli aliyesomea kufundisha Hisabati au Kiswahili hujikuta akipima kokoto, akipatana na mafundi, kisha akiingiza malipo katika mfumo wa hesabu wa FFARS ulioanza mwaka 2017.

Uamuzi, hata hivyo, si wake peke yake. Skuli ya msingi ina Kamati na sekondari ina Bodi, kwa mujibu wa Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, na mpango wa matumizi hupitia kwao. Pale Kamati inapokutana kutia saini tu, lawama yote humwangukia Mwalimu Mkuu siku ya ukaguzi. Pale wajumbe wanapohoji bei ya kila bati, kikao huwa kirefu, lakini hesabu huwa na mashahidi. Taarifa ya mapato na matumizi hutakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa skuli, na mzazi yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuuliza.